Kufundisha Uchaguzi wa Vifaa: Mfano wa Kufungua Kihisi cha Oksijeni cha Gari

Miongoni mwa masomo ambayo wanachuo wetu huyapenda wakati wa mazoezi ya kufundisha ni somo la vifaa vya kazi, kwa kuwa huonekana jepesi. Mwanachuo huchora ubaoni nyundo, bisibisi, koleo na spana. Huandika jina chini ya kila picha. Darasa husoma kwa pamoja, kisha hunakili. Kipindi hupita kwa utulivu na madaftari huwa safi. Lakini ukimwekea mwanafunzi aliyefuzu somo hilo kitu kilichokaza, na kando yake sanduku la vifaa, mara nyingi atachukua kifaa kilicho juu ya vingine, au kile kikubwa kuliko vyote. Majina anayajua; kuchagua hajui.

Makala haya yanahusu huko kuchagua. Tunashikilia kwamba uchaguzi wa kifaa ni hoja kamili, yenye sababu zinazoweza kutamkwa na kupingwa, na kwamba hoja hiyo huanza kwa kukihoji kitu kinachofanyiwa kazi, si kwa kulipekua sanduku. Ili tusizungumze hewani tumechukua kazi moja ya gereji, yaani kukifungua kihisi cha oksijeni cha gari, ambacho mafundi wengi hukiita sensa ya oksijeni. Msomaji asihofu. Somo hili halihitaji gari, wala mwalimu hahitaji kuwa fundi. Tumekipendelea kihisi hiki kwa sababu kwa nje kinafanana na bolti ya kawaida, ila kina mkia. Na mkia huo unaikataa spana ambayo kila mtu angeifikiria kwanza.

Yafaa mwalimu akijue kitu chenyewe kabla ya kuingia darasani. Kihisi cha oksijeni hukazwa kwenye bomba la moshi la gari la petroli, ncha yake ikiwa ndani ya moshi na waya zake zikiwa nje. Hulinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na ile iliyo katika hewa ya nje, kisha huipelekea kompyuta ya injini habari kwa umeme mdogo sana. Katika aina ya kawaida ni kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi. Kwa habari hiyo kompyuta huongeza au kupunguza petroli, ili kila kilo moja ya petroli ipate karibu kilo 14.7 za hewa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyokitengeneza, na gari la kwanza kuuzwa likiwa nacho lilikuwa Volvo ya mwaka 1976, kwa soko la Marekani. Hapo mwanzo kilikuwa na waya moja tu. Baadaye kiliongezewa hita ya kukipasha moto upesi, maana hakifanyi kazi sawasawa mpaka kifikie nyuzijoto 300 na zaidi. Ndiyo sababu vingi tunavyoviona leo vina waya nne. Jambo moja la pembeni: kihisi hiki huharibiwa na risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli, na nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliachana na petroli ya namna hiyo ilipoanza mwaka 2006. Kabla ya hapo kihisi kizuri kilichoingia nchini mwetu na gari lililotumika hakikuwa na maisha marefu.

Kihisi kikifa, gari hula petroli nyingi na kutoa moshi mchafu, na mwenye gari huambiwa akibadilishe. Hapo ndipo fundi hulazimika kuchagua.

Tukihoji kitu chenyewe. Swali la kwanza ni la umbo: kitashikwa wapi? Kihisi kilicho cha kawaida zaidi kina shingo ya pembesita, kama kichwa cha bolti, yenye upana wa milimita 22 kutoka ubavu hadi ubavu wa pili. Ukipima kutoka pembe hadi pembe utapata milimita 25 na kidogo. Tofauti hiyo, milimita tatu na ushei, ndiyo mali yote aliyo nayo fundi. Spana huzungusha kwa kuzisukuma zile pembe, na pembe zikilika, yaani kichwa kikiviringika kama sarafu, hakuna spana itakayokishika tena. Kwa hiyo spana namba 22 ndiyo yake, na ile ya zamani iliyoandikwa saba ya nane ya inchi huikaribia mno, kwa kuwa ni milimita 22.2. Spana namba 24 huingia pia, tena kwa urahisi, na urahisi huo ndio unaowadanganya wengi. Mwambie mwanafunzi aitikise kabla ya kuivuta: ikicheza, si yake.

Swali la pili ni la mkia. Nyuma ya shingo hutoka waya, na mwisho wa waya kuna kiunganishi cha plastiki kilicho kipana kuliko tundu la spana. Hapa ndipo somo linaponoga. Spana ya pete, ambayo mafundi huiita ringi, hukumbatia pembe zote sita, na kwa nati iliyokaza ndiyo ambayo mwalimu mwenye busara angeisifu. Lakini itaingiaje? Haiwezi kupita juu ya kiunganishi. Soketi ya kawaida nayo, hata ikipitishwa, haina mahali pa kutolea waya, kwa maana mpini huziba upande wa nyuma. Inabaki spana ya mdomo, ambayo huingia kwa ubavu bila kuzigusa waya. Wanafunzi wengi wataikimbilia kwa furaha. Waache kwanza wafurahi, kisha waulize inashika pande ngapi. Ni mbili tu kati ya sita. Na kihisi kilichokaa miaka mingi katika moto na maji ya barabarani huwa kimeshikana na bomba kwa kutu. Mdomo wa spana hupanuka kidogo, huteleza, na pembe huliwa. Mara nyingi mkono wa fundi nao huenda kugonga chuma.

Kwa tatizo hili watengenezaji wa vifaa wamebuni soketi maalumu ndefu, yenye mpasuo ubavuni. Waya hupita katika mpasuo, na soketi hushuka juu ya shingo na kushika pembe zake. Huuzwa ya namna mbalimbali: ile ambayo mpini huingia kwa juu, na ile fupi ambayo mpini huingia kwa ubavu, kwa ajili ya mahali ambapo juu ya kihisi hakuna nafasi. Swali la tatu, basi, ni la nafasi: mkono utapita wapi, na mpini utazunguka kiasi gani kabla haujagonga kitu? Katika magari mengine kihisi kiko wazi chini ya gari, na katika mengine kimejificha nyuma ya injini. Fundi hutazama hilo kabla ya kununua soketi.

Kufikia hapa mwalimu ataona kwamba somo limekwisha: kihisi kina mkia, soketi ina mpasuo, kalamu chini. Tunamsihi asifunge kitabu. Kifaa kilichobuniwa kwa kazi fulani si lazima kiwe ndicho chenye nguvu kuliko vyote kwa kazi hiyo. Mpasuo ule ule unaopitisha waya umeidhoofisha soketi. Duara lililokatwa si duara tena. Likivutwa kwa nguvu nyingi hutanuka pale palipokatwa, pembe za ndani huachana na pembe za kihisi, na tunarudi kwenye balaa la spana ya mdomo. Kihisi kilichokaza kwa kadiri ya kawaida kitafunguka kwa soketi ya mpasuo. Kilicholiwa na kutu huenda kikaishinda.

Hapo linakuja swali la nne, nalo ndilo tulilokusudia tangu mwanzo: je, kihisi hiki kitarudishwa? Kama kinafunguliwa ili kusafishwa hesi zake, au kupisha kazi nyingine katika bomba, waya zake ni lazima zibaki salama, na uchaguzi umefungwa kwenye soketi ya mpasuo, au spana ya mdomo ikiwa kimelegea. Lakini kama kimekwisha kufa na kipya kiko mkononi, basi waya ni za kutupwa. Zikate karibu na shingo, na papo hapo mlango uliokuwa umefungwa unafunguka: spana ya pete inaingia, soketi ndefu isiyo na mpasuo inaingia, na ile yenye pembe sita ndani ni bora kuliko yenye pembe kumi na mbili, kwa kuwa huukalia ubavu na si ncha ya pembe. Kitu ni kile kile, kutu ni ile ile, gari ni lile lile. Lililobadilika ni kusudi, nalo limebadilisha kifaa.

Uamuzi wa kukata haurudi nyuma. Taa ya injini ikiwaka haimaanishi kwamba kihisi chenyewe kimekufa. Waya inaweza kuwa imekatika, au bomba linavujisha hewa kabla ya kihisi. Fundi anayekata kabla ya kupima, au kabla ya kuhakikisha kwamba kipya kilichonunuliwa ndicho chenyewe, anaweza kumwacha mwenye teksi bila gari kwa siku kadhaa, na siku hizo ni chakula cha watu. Kwa hiyo koleo la kukatia waya, ambalo ndilo kifaa kidogo kuliko vyote katika kazi hii, ndilo linalotaka kufikiriwa zaidi. Wanafunzi wa Darasa la VI wanaweza kulielewa jambo hili kabisa. Tumelisikia likijadiliwa nao kwa ukali ambao wanachuo wetu hawakuutarajia, wengine wakimtetea fundi na wengine wakimtetea mwenye gari.

Baada ya umbo, mkia, nafasi na kusudi, hesabu ya nguvu ni rahisi, na tunaipendekeza kwa kuwa huunganisha somo hili na lile la wenzo. Vitabu vya matengenezo huagiza kihisi cha namna hii kikazwe kwa newton-mita 40 hivi. Kiasi hasa hutofautiana kwa kila gari, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Tuseme spana ina urefu wa sentimita 20. Mkono utahitaji kani ya newton 200, ambayo ni kama uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Tukichukua mpini wa sentimita 40, newton 100 zinatosha, yaani nusu ndoo. Darasa likokotoe lenyewe. Kisha mwalimu aongeze kwamba kutu huweza kudai mara mbili ya kiasi kile au zaidi, na aulize ni mpini upi sasa. Watajibu: mrefu. Ndiyo, lakini mpini mrefu husaidia kuvunja sawasawa na unavyosaidia kufungua. Ukiuona mpini unazunguka huku kihisi kinalia na kuzidi kuwa kigumu, hesi zinachanika. Yafaa kurudisha nyuma kidogo, kutia mafuta, kisha kusogeza mbele tena. Hesi za bomba zikiharibika kabisa, itabidi bomba lichomelewe au libadilishwe, kwa gharama ambayo huenda ikaipita ya kihisi.

Mafuta ya kupenyeza kutu nayo ni kifaa, ingawa hayana mpini. Hutiwa kwenye hesi bomba likiwa limepoa, kwa sababu yakidondokea chuma chenye moto hutoa moshi na huweza kuwaka; kisha huachwa saa kadhaa, au usiku kucha. Joto pia ni msaada, maana chuma hutanuka, na baadhi ya vitabu vya matengenezo huonya kwamba kihisi hufunguka kwa shida bomba likiwa baridi kabisa. Hapa fundi hutembea njia nyembamba, kwa kuwa bomba lililotoka kazini huunguza ngozi mara moja. Huwasha injini muda mfupi, huizima, hungoja mpaka liwe vuguvugu, na huvaa glavu nene. Aidha, spana huvutwa kuelekea kwa mfanyakazi, haisukumwi. Ikiteleza, mkono urudi kwake, usiende kwenye vyuma.

Vifaa vya kukataliwa tutavitaja upesi. Nyundo na tindo huvunja. Ndani ya kihisi mna kauri, na kihisi kizima kilichoanguka sakafuni hakiaminiki tena hata kikionekana salama. Mashine za upepo za kufungulia nati zina kasoro ile ile ya mitikiso. Ipo pia spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wa mitaani wameipa jina tusilopenda kuliandika katika jarida la walimu kwa sababu hukubali kila nati. Hiyo ina taya mbili kama spana ya mdomo, tena taya moja hucheza. Isiletwe karibu na kihisi.

Sasa tuje darasani. Vipindi viwili vilivyofuatana vinatosha. Zana ya kufundishia iliyo bora ni kihisi kibovu chenyewe. Gereji nyingi huvitupa, na mwalimu akiomba kwa adabu atapewa. Akioshe masizi, na kila aliyekishika anawe mikono. Kama hakuna gereji karibu, chukua nati kubwa iwezayo kupatikana, pitisha kamba katika tundu lake, ufunge fundo upande mmoja, na upande wa pili ufunge kipande cha ubao kilicho kipana kuliko tundu la spana. Ubao huo ndio kiunganishi. Spana zinaweza kukatwa kwa boksi gumu: moja ya mdomo, moja ya pete, na pete ya tatu ikatwe mpasuo. Tumeona zana hii ya bei ya bure ikifundisha vizuri kuliko mchoro wa rangi, kwa sababu mchoro humwambia mtoto kwamba pete haipiti, ilhali zana humwacha ajaribu kuipitisha.

Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watano au sita, wasichana na wavulana pamoja, na uangalie wavulana wasizishike spana wao tu huku wasichana wakipewa kazi ya kuandika. Kila kikundi kipewe kitu kabla ya vifaa. Hili si jambo dogo. Vifaa vikitangulia, mikono itatangulia akili. Kwa dakika kumi za kwanza wakitazame, wakipime kwa rula, na waandike maswali wanayotaka kuyajibu kabla ya kuchagua. Mwalimu asiyataje yale manne tuliyoyaeleza. Akiona kikundi hakijagundua mkia, na aulize tu: "Hii kamba ni ya nini?" kisha aondoke.

Vifaa vikisambazwa, kila mwanafunzi achague kimoja na kutoa sababu kwa sentensi kamili. "Nimechagua pete kwa sababu inashika pembe zote sita" ni jibu zuri, ingawa pete haitapita. Mwenziwe atamwonyesha kwamba haipiti, naye atatafuta njia nyingine. Pengine yuko mmoja atakayesema: "Tukate kamba." Mwalimu asimkemee kwamba anaharibu zana ya shule, wala asimpigie makofi. Aligeukie darasa na kuuliza ni wakati gani kukata kunafaa na ni wakati gani hakufai. Mjadala huo uachwe uende. Ukila dakika za hesabu ya wenzo, hesabu itasubiri kipindi kijacho.

Kishawishi kikubwa cha mwalimu mgeni ni kumnyoshea mtoto spana iliyo sahihi anapomwona anahangaika. Kwa kufanya hivyo kazi inakwenda mbele, na kuchagua kunabaki kwa mwalimu. Tumewahi kumsikiliza mwanachuo mmoja, mwenye sauti nzuri na ubao uliopangika, akisema "chukua hii" mara kumi na moja katika kipindi kimoja. Nidhamu ilikuwa nzuri. Wanafunzi wake walipoulizwa mwishoni kwa nini walitumia spana ile, walimtazama yeye.

Upimaji ufuate shabaha. Alama zikitolewa kwa jina la kifaa pekee, tumerudi kwenye picha za ubaoni. Tunashauri, kati ya alama kumi, tatu ziwe za kifaa na saba ziwe za sababu, na mwanafunzi aliyechagua spana ya mdomo akaeleza kwamba kihisi chake kimelegea na kitarudishwa apate zote. Ili kujua kama wamejifunza kuchagua au wamekariri soketi ya mpasuo, siku ya mtihani usiwape kihisi kile kile. Baadhi ya magari, yakiwamo ya Toyota, huwa na kihisi kisicho na shingo ya kuzungushwa: kina bamba lenye matundu mawili, nacho hushikwa bombani kwa nati mbili ndogo, waya zikitokea katikati. Wachoree hicho, uwaambie kwamba kimekufa, kwamba nati zake zimekula kutu, na kwamba kipya hakijafika dukani. Kisha waulize wataanza na kifaa gani. Atakayeliandikia jibu lake sababu kwamba soketi ya mpasuo haina kazi hapa, kwa kuwa mkia hauzuii nati za pembeni, ameelewa. Atakayeongeza kwamba koleo la kukatia waya libaki sandukuni mpaka kipya kifike, apewe alama zote hata kama amekosea namba ya spana.